Sufuria Iliyotangulia Msiba

Renatus Machage alistaafu mwezi wa tatu, na ilipofika mwezi wa tano mkewe Pelagia alikuwa amekwishaamini kwamba miaka yote ile serikali haikuwa ikimlipa mtu huyu kwa kazi, ilikuwa ikimlipa asishinde nyumbani. Alikuwa mtunza stoo. Kwa miaka thelathini na mmoja alihesabu majembe, matairi na magodoro ya umma, na sasa alibaki na nyumba moja ya vyumba vitatu pale Nyasho, Musoma mjini, na mke mmoja, na hamu yote ya kuhesabu ikiwa palepale.

Wiki ya kwanza alihesabu vijiko. Wiki ya pili alimwuliza Pelagia kwa nini wana mapanga matatu na shamba hawana. Pelagia akamjibu kwamba shamba liliuzwa na mwenye nyumba, mapanga yakasahaulika. Renatus akaandika kwenye kaunta buku yake.

Halafu Jumatatu moja Nyangi akapiga simu kutoka Bunda. Nyangi ni binti yao wa kwanza, mwalimu, na uhamisho wake wa kuja Musoma aliouomba tangu ana mimba ulikuwa umetoka sasa, mtoto ana miezi mitatu. Mumewe yuko kisiwani Rukuba kwenye dagaa, haonekani ila mwezi ukiwa mkubwa na dagaa hawavuliki. Angefika Jumamosi na mtoto, na kitanda, na mizigo, akae kwao mpaka apate nyumba.

Pelagia alifurahi mpaka akakaa chini. Renatus naye alifurahi, lakini furaha yake ilielekea moja kwa moja kwenye chumba cha tatu, ambacho kilikuwa stoo.

"Vitu vya stoo vitolewe," alisema, akaenda kutafuta miwani.

Jioni ile aliweka kiti mlangoni pa stoo kama yuko kazini. Pelagia alisimama ndani, anainua kitu kimoja kimoja kama mshitakiwa anayeonyesha vidhibiti.

"Utaratibu ni mmoja," Renatus alisema. "Kitu ambacho hakijatumika miezi sita kinafutwa."

"Kinafutwa na nani?"

"Na mimi. Hiyo nini?"

"Karabai."

"Umeme tunao."

"Juzi ulikatika siku mbili, ukala dagaa na mchanga kwa sababu huoni."

 Karabai ikabaki. Pelagia akainua magongo mawili ya mbao.

"Haya tulinunua ulipoanguka na pikipiki."

"Nimepona."

"Niyapasue kuni?"

Renatus akaligusa goti lake la kushoto, goti ambalo kila masika huwa lina habari zake. "Yabaki," alisema kwa sauti ndogo.

"Na suti yako ya harusi? Hii ina miaka thelathini na nne haijavaliwa."

"Hiyo nitazikiwa."

"Kwa tumbo hilo?"

Ikabaki na suti. Ikabaki ngazi, ikabaki redio iliyokufa, kwa sababu spika yake ilikuwa nzima. Pelagia alianza kutabasamu ndani kwa ndani, akiona kwamba kwa mwendo huo Nyangi atalala juu ya ngazi. Hapo Renatus akanyoosha kalamu kwenye pembe ya chumba.

"Na hiyo?"

Pelagia hakuhitaji kugeuka. Kwenye pembe ile kulikuwa na sufuria yake. Mtu mzima akichuchumaa ndani yake angeonekana kichwa peke yake. Ugali wa watu mia na hamsini ulitoka humo kwa mkupuo mmoja. Aliinunua kwa fedha zake za upatu mwaka Nyangi alipopata kipaimara, na tangu siku hiyo ilikuwa imelisha nusu ya Nyasho, waliozaliwa, waliooa na waliokufa.

"Ile ni sufuria," alisema.

"Naona. Mara ya mwisho imetumika lini?"

"Msiba wa mama yake Enoka. Mwezi wa kumi na moja."

Renatus akahesabu kwa vidole. "Miezi sita na wiki moja."

"Kwani nilitakiwa niue mtu mwezi wa nne?"

"Mimi sisemi uue. Nasema inakula nusu ya chumba. Kitanda cha Nyangi kitakaa wapi?"

Pelagia aliwahi kupima mwenyewe kwa hatua, na kweli, ama kitanda ama sufuria. Kuiweka nje hakuwezekani. Mtaani kwao vibaka walikuwa wamekwishang'oa bomba la maji la kanisa na kuondoka na mfuniko wa choo cha jirani mchana kweupe. Sufuria ile nje ingelala usiku mmoja.

"Nimezungumza na Yusto," Renatus alisema. Yusto alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ana mizani yake karibu na mashine ya kusaga. "Anakuja nayo mizani Jumamosi saa mbili. Aluminiamu ina bei sasa hivi."

Akaandika kwenye kaunta buku, akapiga mstari chini.

Sasa, mtu wa mbali angeweza kujiuliza kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na sita alie kwa ajili ya sufuria. Mtu wa Nyasho asingejiuliza. Katika mtaa ule ulikuwako utaratibu wao, hakuna aliyeuandika na hakuna aliyeuvunja. Mtu akifa, kabla hajapigiwa katekista, kabla hawajaambiwa wajomba, mtu mmoja wa nyumba ile hutumwa kubisha hodi kwa Pelagia. "Mama, tumekuja kwa sufuria." Ndivyo misiba yote ilivyomfikia kwa miaka kumi na minane, yeye kwanza, wengine baadaye. Ikienda harusini, sufuria hubebwa mdomo juu, imejaa mchele na vitunguu. Ikienda msibani hubebwa kifudifudi, mdomo chini, na kila inakopita watu husimama, wanawake wanarudi ndani kuchukua kanga na bakuli la unga.

Tena mwenye sufuria ndiye mwenye jiko. Yeye ndiye huwasha moto, yeye hushika mwiko wa kwanza, yeye huamua nani achote maji na nani amenye vitunguu. Mwenyekiti wa jumuiya yao, Mama Euphrasia, alikuwa na kitabu cha sala, muhuri na sauti ya kuamuru mvua. Lakini akifika jikoni, Mama Euphrasia alimenya vitunguu.

Kwa hiyo haikushangaza kwamba Jumatano Mama Euphrasia alifika, amevaa viatu vya kwenda mjini.

"Nimesikia mnahangaika na nafasi," alisema, macho yake yakiwa tayari yamefika stoo. "Mimi nina banda kule nyuma. Liko tupu toka tuuze kuku. Ilete nikutunzie, mama, si tuko pamoja?"

Aliinama akaipigapiga sufuria ubavuni, kama mtu anayenunua ndama mnadani. Pelagia aliuona mkono ule, akajua kwamba sufuria ikiingia kwenye banda lile haitatoka ila na Mama Euphrasia mbele yake.

"Asante, mama. Bado tunazungumza na mzee," alijibu. Moyoni alisema, bora Yusto aikate vipande.

Lakini hakutaka Yusto aikate vipande. Usiku ule Renatus alikoroma vizuri sana, Pelagia akalala macho wazi akimchukia kidogo.

*

Ijumaa jioni jumuiya ilisali nyumbani kwa Alfonce, muuza spea za baiskeli, nyumba ya sita kutoka kwao. Baba yake Alfonce, Mzee Wanzagi, alikuwa ameletwa kutoka Butiama mwezi mmoja nyuma ili awe karibu na hospitali. Alikuwa na miaka themanini na tisa. Wiki mbili sasa alikuwa hali kitu, amelala ameuelekea ukuta, na sala yote hakugeuka hata mara moja.

Walipomaliza, Alfonce alimsindikiza Pelagia mpaka kwenye senyenge. Alikuwa amechoka, shati limepinduka kola.

"Mama, sioni kama atafika Jumatatu. Ndugu zetu wa Butiama nimewapigia wanakuja kesho kumwona. Kama ni kumwona kweli, au ni kumzika, Mungu anajua."

Pelagia akasikitika, na alisikitika kwelikweli, maana mzee yule aliwahi kumpa mbegu ya mtama na hakutaka fedha. Lakini katikati ya masikitiko yale likaingia wazo. Alilionea aibu wazo lile. Hata hivyo hakulifukuza.

"Alfonce, mwanangu," alisema, "sufuria ikae karibu. Usije ukahangaika saa hiyo. Niilete kesho asubuhi, tuiweke nyuma ya nyumba, mtu asijue."

Alfonce alisugua macho. "Haina shida, mama? Maana huwaga haiji mapema."

"Hakuna atakayeiona."

Njiani kurudi alijipangia hesabu yake. Sufuria ikiwa imetoka kabla ya saa mbili, Yusto atakuta pembe tupu. Renatus hawezi kwenda kuitoa sufuria msibani. Kwa mambo yake yote, aibu ya kiasi hicho anayo. Msiba utachukua siku nne, tano. Baada ya hapo Nyangi atakuwa ameingia, na mwanamke akishaingia ndani na mtoto mchanga, mengine yanazungumzika. Hesabu yote ilikaa sawa isipokuwa sehemu moja, kwamba ilimtaka Mzee Wanzagi afe kwa wakati. Pelagia akapiga ishara ya msalaba, akaharakisha mwendo.

*

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, Renatus akiwa bafuni, Shija alifika na guta lake la magurudumu matatu. Shija ni kijana kutoka upande wa Magu, ana miezi miwili tu mtaani, na Pelagia alimchagua kwa sababu hiyo, hana watu wa kuwasimulia.

"Nisikilize vizuri. Pita njia ya nyuma, ya mtaroni. Sufuria ikae hivihivi, mdomo juu. Ndani weka gunia hili la mkaa. Funika na kanga. Mtu akikuuliza, ni mkaa."

"Sawa, mama."

Shija alikuwa mtu mwaminifu na angefanya yote hayo. Lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha na njia ya mtaroni ilikuwa tope tupu. Akapita barabara kubwa. Mbele ya mashine ya kusaga guta likaingia shimoni, sufuria ikalala, mkaa ukamwagika. Shija akauokota mkaa wote, akaurudisha guniani, kisha akafikiri kwa akili zake nzuri, akaona kitu cha mviringo kitatulia zaidi mdomo ukiwa chini. Akaigeuza. Kanga akaitandika juu vizuri, maana aliambiwa kanga.

Akaendelea hivyo, polepole, mtaa mzima ukiwa unapiga mswaki.

Nyumbani, Renatus alitoka bafuni, akaenda moja kwa moja stoo, akarudi ameshika taulo.

"Sufuria iko wapi?"

Pelagia alikuwa anamimina chai. "Imekwenda kwa Mzee Wanzagi."

Renatus akasimama. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu mwema, na hapo ndipo Pelagia alipoona maana ya alichokisema.

"Amefariki saa ngapi?"

Ukweli ulikuwa pale mdomoni, wa maneno matatu au manne. Haukutoka.

"Si unajua alikuwa anaumwa," alisema.

"Mungu wangu. Na mimi nilikuwa naongea mambo ya mizani." Renatus aliiacha chai, akavaa koti, akachukua kofia ili awe na cha kuvua. "Mpigie Yusto asije. Mpigie na Nyangi, asikute hatupo akaogopa."

Alikuwa ametoka kabla Pelagia hajaiweka birika chini. Akajifunga kanga, akamfuata anakimbia, na alipofika kona ya pili akasikia vilio.

*

Hata leo watu wa Nyasho hawakubaliani walikuwa wangapi uani kwa Alfonce asubuhi ile. Wasiopenda kutia chumvi husema arobaini. Wanawake walikuwa wamekaa chini wanalia, mabakuli ya unga na maharage yamepangwa ukutani. Jirani yao Enoka alikuwa amefika na benchi kichwani. Mama Euphrasia alikuwa amefungua kitabu na kufika katikati ya litania ya marehemu, na katikati ya ua ilikaa sufuria, kifudifudi, na gunia la mkaa pembeni.

Wenye nyumba hawakuwapo. Alfonce alikuwa stendi ya Bweri kuwapokea ndugu, mkewe Bhoke alikuwa bombani. Mlango wa mzee ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyethubutu kuufungua, maana chumba chenye maiti huingiwa kwanza na watu wa nyumba. Kwa hiyo walilia nje, tena kwa nguvu, ili Bhoke akirudi akute wameanza.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Mzee Wanzagi alisimama kizingitini, blanketi begani, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango. Alitazama watu, alitazama mabakuli, alitazama sufuria kwa muda mrefu.

"Amekufa nani?" aliuliza.

Litania ilikatika. Enoka aliliachia benchi, likamwangukia mguuni. Mama mmoja wa upande wa nyuma aliondoka mbio akaacha ndala moja.

"Nauliza. Hiyo si sufuria ya Pelagia? Naona imelala kifudifudi. Amekufa nani humu ndani? Bhoke?"

"Bhoke yuko bombani, mzee," mtu mmoja alijibu kwa taabu.

"Alfonce?"

"Yuko stendi."

Mzee akakunja vidole viwili, akaviangalia. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu.

"Basi nimebaki mimi," alisema.

Renatus ndiye aliyekuwa karibu. Kofia ilikuwa imekwishatoka kichwani, na mkono umekwishanyooshwa, hakujua aurudishe wapi.

"Pole, mzee," alisema.

"Pole ya nini?"

"Ya... ya kuumwa."

Pelagia alikuwa amesimama kwenye senyenge, anahema. Alitamani ardhi impasukie, lakini ilikuwa imelowa tu. Macho yote yalikuwa yanamgeukia, moja baada ya jingine, na ya Mama Euphrasia yalifika ya mwisho na kukaa.

"Mama Nyangi," Mama Euphrasia alisema kwa upole mkubwa, "hii ulileta wewe?"

"Mimi."

"Kabla?"

"Kabla."

Minong'ono ikapita uani. Mzee Wanzagi hakuwasikiliza. Alikuwa amesogezewa benchi la Enoka, akaketi, blanketi likiwa mabegani.

"Mimi nimelala wiki mbili," alisema, "mlikuwa mnakuja watatu, wanne, mnasali haraka mnaondoka. Leo mko wote. Unga mmeleta?"

"Tumeleta, mzee."

"Na nini kingine?"

"Maharage."

"Nyama?"

Watu waliyatazama mabakuli.

"Mngenizika kwa maharage?"

Akaanza kuhema kwa hasira, na hasira ilimfaa, rangi ilirudi usoni. Renatus, ambaye katika shida hukumbuka utaratibu, alisema basi sufuria irudishwe nyumbani haraka, yaishe.

"Irudi tupu?" mzee aliuliza. "Iliingia kifudifudi, wewe unataka itoke tupu? Unajua huwaga inakwenda kumtafuta nani?"

Hilo nalo wote walilijua. Sufuria iliyoingia kwa msiba na kutoka haijapikiwa hurudi kwa mwenyewe na njaa yake. Wasomi wa mtaani hulicheka jambo hilo, lakini hakuna aliyewahi kulijaribu. Pelagia akamfikiria mtoto wa miezi mitatu aliyekuwa barabarani saa ile, kwenye mapaja ya Nyangi, anakuja kulala palepale ilipokuwa sufuria.  Wiki nzima alipigania nafasi yake ya jikoni, na sasa aliona angeitoa sufuria, na jiko, na upatu wa miaka kumi, mtoto yule afike tu salama.

"Itapikiwa," alisema. Akakunja mikono ya gauni, akaigeuza sufuria mwenyewe.

Hajawahi kupika kwa aibu namna ile. Kila aliyemletea kuni alikuwa anajizuia kucheka, na wengine walishindwa. Saa nne Alfonce aliingia na ndugu saba kutoka Butiama, shangazi wawili wakiwa tayari wamejifunga kaniki nyeusi, na mbuzi. Walimkuta marehemu amekaa kwenye benchi anamkosoa mkata vitunguu. Shangazi mmoja alizimia kidogo. Mbuzi aliulizwa ameletwa wa nini, na kwa kuwa hapakuwa na jibu zuri, akachinjwa.

Mzee Wanzagi, ambaye kwa wiki mbili alikuwa anageuza uso kuona uji, alikunywa bakuli mbili za mchuzi na kuomba ini. Nyangi alifika mchana na mtoto mgongoni, akakuta nyumba yao imefungwa, akaelekezwa msibani, akamkuta marehemu anamshika mtoto shavu na kuuliza jina.

Watu walipopungua, mzee alimwita Pelagia.

"Nani alikwambia nimekufa?"

Pelagia alipiga goti mbele yake. Alikuwa ameandaa uongo wa heshima, lakini moshi na kazi vilikuwa vimemmaliza.

"Hakuna, baba. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka sufuria. Baba Nyangi anataka kuiuza kwa kilo. Nikaona wewe... nikaona kama uko njiani."

Mzee akaigeukia sufuria.

"Kwa hiyo mimi ni stoo."

"Nisamehe, baba."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, Bhoke akaja na maji, akamfukuza na mkono. Alipopata pumzi alisema, "Basi ikae. Kama imekuja kunisubiri, inisubiri. Niwe naiona."

"Hilo ni jambo zuri sana, mzee," Renatus alidakia. Kaunta buku ilikuwa mfukoni mwa koti muda wote. Aliandika: *imehamishwa*.

Bhoke hakufurahi, ua wake ulikuwa mdogo. Lakini neno la mzee aliyetoka kufa siku hiyohiyo halina wa kulipinga. Waliifunga kwa mnyororo kwenye mpapai, na Pelagia akarudi nyumbani mikono mitupu, ananuka moshi, kwenye nyumba ambayo sasa ilikuwa na nafasi ya kutosha.

*

Mwezi haukuisha mtaa ulikuwa umezoea. Hodi za alfajiri zilihamia kwa Mzee Wanzagi. Alikuwa anaketi karibu na mpapai, amepona mpaka anachokonoa meno, na kila anayekuja kwa sufuria aliulizwa maswali kwanza.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Sabini na mbili, mzee."

"Mtoto." Ndipo hufungua mnyororo.

Pelagia alianza kuzisikia habari bombani, kama watu wengine. Mara moja alisikia kwa Mama Euphrasia, ambaye alimpa kidogo kidogo, kama mtu anayekula muwa. Akifika msibani alikuta moto umekwishawaka, Bhoke ameshika mwiko, na beseni la vitunguu linamsubiri. Alimenya. Machozi yalimtoka na hakuna aliyeuliza, kwa sababu ni vitunguu.

Nyumbani mambo yalikuwa mazuri, na hilo nalo lilimwudhi. Mtoto alinenepa. Nyangi aliimba akifua. Jioni moja Renatus alimwona mkewe amesimama mlangoni pa kile chumba anaitazama pembe yenye kitanda.

"Nafasi tumeipata," alisema, akijaribu kumfurahisha.

"Ndiyo. Tumeipata."

Renatus hakuwa mtu mbaya. Alienda kumchemshia chai, na kwa wiki nzima hakuhesabu kitu.

Ikapita Krismasi. Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, giza bado halijatoka vizuri, mtu alibisha hodi. Pelagia alifungua akiwa na kanga ya kulalia. Alikuwa Alfonce, peke yake, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa..." Mazoea ya miaka kumi na minane yalitangulia ulimi. Akajirudi. "Sufuria si iko kwenu?"

"Iko kwetu," Alfonce alisema. "Nimekuja kukuchukua wewe."

Pelagia akashika mlango.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu. Amelala tu. Jana alikula vizuri, akagombana na Bhoke, akalala." Alfonce aliitoa mikono nyuma. "Bado sijampigia mtu, mama. Butiama hawajui. Mwenyekiti hajui. Alisema siku yake ikifika aanze kuambiwa Pelagia, maana alishawahi kukosea mara moja, safari hii apate kwa wakati."

Pelagia aliketi kizingitini akalia, kwa ajili ya mzee na kwa ajili yake mwenyewe, na hakujaribu kuyatenganisha. Renatus alitoka na magongo yake, maana goti lilikuwa limemshika tangu jana, akaona, akaelewa, akavua kofia, na safari hii hakuuliza kitu. Ndani mtoto alianza kulia, Nyangi akamnyamazisha.

Halafu Pelagia alijifuta uso na pembe ya kanga, akainuka.

"Tangulia," alimwambia Alfonce. "Mwambie Bhoke ateke maji. Na moto mtu asiuguse mpaka nifike."